Severina na Dodoso la Mgongo

Siku Wilbard alipoitwa na mtathmini, aligawa kandambili zake. Mimi alinipa chupa yake ya pilipili, ikiwa nusu. Kisha akapita chumba kizima cha kufulia akimpa mkono kila mtu, hata wale waliokuwa wamenuniana naye tangu Ramadhani. Jina lake lilikuwa limebandikwa ubaoni kwa Kiingereza: Wilbard, saa nne kamili, ofisi ya ghorofa ya chini, peke yake. Katika hoteli yetu pale Al Barsha, Dubai, mtu akiitwa ofisini peke yake na mlango ukafungwa, alikuwa anakwenda kukanseliwa viza. Sababu nyingine ya kufunga mlango hatukuijua.

"Mmenisamehe?" akauliza Wilbard.

"Tumekusamehe," tukajibu. Dada mmoja akaanza kulia, ingawa hakuwa amemzoea sana.

Lakini habari ninayotaka kuisimulia ni ya Severina, aliyekuwa chumba cha pili wakati huo akipanga foronya. Nimefanya naye kazi miaka minne na kulala naye chumba kimoja miaka miwili, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Alikuwa mtu wa Kamachumu, Bukoba. Kwao alifundisha elimu ya watu wazima miaka kumi na mitatu, katika ghala la chama cha ushirika, wanafunzi wakiwa wamekalia magunia ya kahawa. Alikuja Dubai mwaka 2003. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwili wa kutosha, miwani iliyofungwa kwa uzi, na tabia ya kusahihisha Kiswahili cha kila mtu. Mimi mwenyewe, Edna, mzaliwa wa Dodoma, alinisahihisha siku ya kwanza kabla hajaniuliza jina.

Mwaka huo wa 2007 wakubwa wa hoteli waliona wasafisha vyumba wengi wanaomba ruhusa kwa maumivu ya mgongo. Wakamleta Nick, kijana wa Kitale aliyekuwa mwalimu wa mazoezi, atufundishe kunyanyua vitu vizito. Kila Jumanne alitupanga mstari akatuimbisha: "Chuchumaa, nyoosha mgongo, inua kwa mapaja!" Tulimpenda sana Nick. Alikuwa mchangamfu, alijua majina yetu yote, na hakumcheka mtu. Baada ya miezi sita makao makuu yakauliza: je, somo hili linasaidia kitu? Ndipo akaja Dokta Nuwa.

Dokta Nuwa alikuwa Mganda wa upande wa Mbarara, mfupi, suti ya kijivu, mpole kiasi kwamba akigonga meza kwa goti aliiomba radhi. Alikuwa amesomea Marekani, na kazi yake ilikuwa kutathmini miradi ya shule. Alitembea na kitabu kinene cha viwango vya tathmini, kimejaa vikaratasi vya njano. Tathmini ya kweli, kitabu kilisema, inasimama juu ya nguzo nne: iwe na manufaa, iwezekane, ifanywe kwa uadilifu, na iwe sahihi. Kitabu kilisema pia kwamba kila mshiriki ahojiwe faraghani ili awe huru. Dokta akafuata kitabu. Akaomba ofisi, akaomba mlango wa kufunga.

Ukuta kati ya ofisi ile na chumba cha mashuka ulikuwa wa mbao nyembamba. Severina alisikia yote.

"Kaa chini!" sauti ya Dokta ilisema.

Kiti kikatoa mlio.

"Taja jina! Toa kitambulisho!"

"Wilbard, afande."

"Usiogope! Sema ukweli! Kipindi kimekugonga kwa kiasi gani?"

"Hakijanigonga, afande. Mimi nilikuwa upande wangu."

"Wewe ni mshika kigingi?"

"Hapana, afande, naapa! Mimi ni wa kupiga pasi."

Severina alifungua mlango bila kubisha, foronya bado mkononi.

"Dokta, samahani," akasema. "Huyu mtu umemkamata kwa kosa gani?"

Dokta Nuwa akasimama, uso umemwiva kwa aibu. Aliomba msamaha kwa Kiingereza, tena Kiingereza laini cha kubembeleza mgonjwa. Hakuwa na nia mbaya. Ila Kiswahili chake alikipata utotoni, kwenye vizuizi vya barabarani, miaka ile askari walipokuwa wakisimamisha kila gari. Kaa chini, toa kitambulisho, sema ukweli: hayo ndiyo maneno aliyoyasikia. Kwa Kiswahili, alisema, hakuna mtu aliyewahi kumwambia "tafadhali".

Severina akamsalimia kwa Kihaya. Dokta akashtuka, akajibu kwa Kinyankole, na ikawa kama majirani waliotenganishwa na mto Kagera tu. Si kila neno lililovuka, lakini mengi yalifika.

"Sasa nipe hiyo karatasi yako," akasema Severina.

Dodoso lilikuwa limetafsiriwa na mtu ambaye Dokta hakuwahi kumwona. Severina akasoma swali la kwanza, akavua miwani. Akasoma la pili, akaegemea ukuta. Alipofika kwenye "wewe kama mshika kigingi", ambapo mwandishi alitaka kusema mdau, na "mgongano wa kipindi maishani mwako", ambapo alitaka kusema mabadiliko yaliyoletwa na mpango, alitoka akarudi chumba cha mashuka, akakaa juu ya rundo la mashuka machafu na kucheka mpaka tukamletea maji. Wilbard alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo mimi siendi?" akauliza.

"Huendi popote. Kadai kandambili zako."

Pilipili sikumrudishia. Nilikuwa nimeshaanza kuila.

Siku iliyofuata Dokta alikwenda kwa madam wetu, mkuu wa usafi, akamwomba Severina kwa wiki mbili. Madam alikubali kwa sharti kwamba mashuka yasichelewe. Basi wakakaa wawili wale katikati ya makabati ya taulo, kitabu juu ya meza ya kukunjia, na wakaanza kubishana. Mimi, nikishamaliza zamu yangu ya vyumba, nilikuwa pale pale nikipiga pasi, na nasema kwa haki: sijawahi kuona watu wakigombana kwa furaha namna ile.

Kwanza yalikuwa majibu ya majaribio. Dokta alikuwa amegawa karatasi zenye nyuso tano, kuanzia uso wa kununa mpaka uso wa kucheka, uweke alama upande unaokufaa. Wanawake thelathini na wanne walijaza. Thelathini na watatu waliweka alama kwenye uso wa kucheka, tano juu ya tano. Everlyn, Mkenya wa ghorofa ya sita, aliandika pembeni "B+", kwa sababu shuleni kwao A hapewi mtu. Na Mzee Khelef, Mzanzibari wa stoo ya sare, ambaye hakuombwa kabisa kujaza, alirudisha karatasi yake ikiwa na neno moja mbele ya kila swali: Alhamdulillah.

"Mpango umefaulu," akasema Dokta, lakini alisema kama mtu anayeonja mchuzi na kutafuta chumvi.

"Dokta, huo uso wa kununa nani atauchagua?" akasema Severina. "Nick anatufundisha kwa moyo. Nikikupa uso wa kununa ukampelekee, si nimemnunia mimi? Hizo tano ni salamu. Mtu akiuliza hujambo, utamwambia unaumwa na jino?"

Dokta akaandika. Kisha likaja suala la saini. Hakuna aliyetaka kusaini fomu ya kukubali kuhojiwa.

"Kitabu kinataka saini," akasema Dokta.

"Hapa mtu akisaini karatasi asiyoielewa, siku ya tatu yuko uwanja wa ndege. Hebu kiulize kitabu: saini hiyo ni ya kazi gani?"

Dokta akafunua, akasoma kimya, kidole kikitembea. "Ijulikane kwamba mtu amekubali kwa hiari. Na anajua anaweza kujitoa wakati wowote."

"Basi kitabu kina akili. Kilichokosa akili ni karatasi."

Wakaafikiana hivi: Severina atatueleza sote kwa pamoja, kwa Kiswahili cha kueleweka, ni kitu gani kinaulizwa na kwa nini. Anayekubali ataweka beji yake ya jina kwenye beseni. Anayechoka, au anayeona mazungumzo hayampendezi, atachukua beji yake aondoke, na hataulizwa. Dokta akaandika tena, akabandika kikaratasi cha njano kwenye ukurasa ule, akauliza neno "uadilifu" lingefaa liitwe nini mbele ya watu wa kufua.

"Uungwana," akasema Severina. "Hilo hata Wilbard analijua."

Na faragha? Hapo ndipo walipobishana mpaka chai ikapoa. Dokta alisema mtu hawezi kusema ukweli mbele ya wenzake. Severina akasema hapa mtu hawezi kusema ukweli akiwa peke yake, kwa sababu peke yake ana hofu. Mwishowe akamwambia, "Nipe siku moja. Nikishindwa, turudi kwenye mlango wako."

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mbali, kila mmoja na pembe zake, mnakunja, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Ukikunja shuka arobaini na mtu utajua mpaka ugonjwa wa shangazi yake. Severina akatuita wawili wawili, beji beseni, shuka mkononi. Dokta alisimama pembeni na daftari. Lakini mtu aliyesimama pembeni na daftari anafanana na supavaiza, kwa hiyo Severina akampa pembe ya shuka yenye mpira. Alihangaika nayo asubuhi nzima. Alipofika mtu wa sita, ilikuwa imemshinda kabisa na sote tulikuwa tumemzoea.

Severina hakuuliza mtu habari za mgongo wake mwenyewe. Aliuliza, "Mwenzio huyu, anainuaje godoro?"

Jamani. Everlyn alikunja shuka nami, na swali lile lilipoulizwa alilitupa shuka, akabinua matako, akatoa ulimi pembeni ya mdomo, akavuta godoro la hewani huku akiguna kama ng'ombe anayezaa. "Edna huyo," akasema. Mimi nikamlipa papo hapo: nikapiga goti moja kwenye kitanda cha hewani, nikakata kiuno upande, nikashika mgongo na kumwita mama yangu. Tulicheka mpaka Mzee Khelef akachungulia kutoka stoo kuuliza kuna harusi ya nani. Dokta hakucheka. Alikuwa anaandika mbio mbio, shuka limemzunguka mguuni.

"Na kule kuchuchumaa alikofundisha Nick, mbona sikuoni?" akauliza Severina.

Everlyn akatazama mlango, kisha akamtazama Dokta.

"Huyu si mwanaume?"

"Huyu ni mtathmini," akasema Severina. "Endelea."

"Auntie, hebu ona hii sketi." Everlyn akavuta sare yake, sketi ya bluu, nyembamba, imebana kutoka kiunoni hadi chini ya magoti. "Nikichuchumaa, inapanda mpaka hapa. Mgeni akiingia anipate hivyo kwa chumba chake? Na Nick ni kijana, nitamwambia aje mambo ya sketi? Kwa hivyo Jumanne tunavaa suruali za track, tunachuchumaa vizuri, tunaimba. Siku zingine tunainama vile mama alitufunza."

Ndivyo walivyosema wote, wawili baada ya wawili, siku nne. Thelathini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchuchumaa kazini. Na zaidi ya sketi, kulikuwa na vyumba kumi na sita vya kila mtu kwa siku. Kuchuchumaa kwa ufundi kunataka muda ambao hatukuwa nao. Mmoja tu aliyebaki alichukua beji yake akaondoka katikati ya mazungumzo, na hakuulizwa.

Habari hazikai ndani ya ukuta wa mbao. Jumanne iliyofuata Nick aliingia chumba cha mashuka, tabasamu lake halipo.

"Auntie, umenichomea," akamwambia Severina. "Watu walinipatia tano. Zote tano! Sasa nasikia somo langu ni bure. Ni nani alisema?"

Dokta akaruka. Siri ya mshiriki lilikuwa jambo ambalo hakulichezea. Lakini Severina alimtangulia.

"Sketi ndiyo iliyosema, Nick. Na walikupa tano kwa sababu wanakupenda. Wangekuwa hawakupendi wangekwambia ukweli mapema."

Nick alikaa kwenye kikapu cha taulo. Nilimwonea huruma, maana hakuwa na kosa ila kuzaliwa mwanamume na kuvaa suruali. Severina pia alimwonea huruma, nilimwona akifuta miwani isiyo na uchafu. Baadaye Nick akainua uso.

"Nipeni hiyo sketi."

Mzee Khelef alitoka stoo na sketi kubwa kuliko zote. Akampima kwa macho. "Kiuno kitaenea, mwanangu," akasema. "Heshima yako tu ndo sijui."

Nick akaivaa juu ya bukta. Tukasogeza kitanda cha mazoezi. Akasimama imara, akajiimbia mwenyewe, "Chuchumaa, nyoosha mgongo," na alipofika nusu njia akakwama, magoti yamefungwa pamoja, akawa kama mtu anayetaka kuruka kamba. Akajaribu tena kwa nguvu. Mshono ukasema prrr, na yeye akaangukia godoro kifudifudi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, tukafikiri analia, kumbe anacheka. Sote tukalipuka. Ilimbidi Wilbard atoke nje.

Aliponyanyuka, bado na sketi iliyopasuka, Nick alifanya jambo ambalo kwa miezi sita hakuwahi kulifanya. Alisema, "Haya, Everlyn, nionyeshe vile wewe hutandika." Akakaa chini kumtazama.

Siku ya kutoa ripoti, Severina alivaa gauni lake la kanisani. Wakubwa walikaa upande mmoja wa meza, Dokta akasimama mbele yao akaeleza kwa nusu saa: nguzo ya kwanza, nguzo ya pili, kwa nini fomu ikawa beseni, kwa nini faragha ikawa watu wawili na shuka. Sir mkubwa akatazama saa.

"Khalas, yatosha, Dokta. Kwa kifupi. Mpango mzuri au mbaya?"

Mtu aliyesoma vile hawezi kusema kwa kifupi. Dokta akamgeukia Severina.

"Sir," akasema Severina, "somo ni zuri. Sketi ni mbaya. Na vyumba ni vingi."

Sir akaandika mawili ya kwanza. La tatu sijui kama alilisikia. Suruali zilikuja baada ya miezi mitano, za bluu ile ile, na Mzee Khelef alizigawa kama anagawa sadaka ya Idi. Vyumba vilibaki kumi na sita. Nick alibaki kazini, akabadilisha somo, akawa anafundisha juu ya vitanda vyenyewe, ghorofa kwa ghorofa. Mimi mgongo wangu ulipata nafuu kiasi. Siyo sana, lakini niliacha kuguna kila godoro.

Severina alivimba kichwa kidogo, lazima niseme. Usiku na mchana ilikuwa shuka na beji, beji na shuka. Kwa hiyo mwaka uliofuata Dokta alipompigia simu kwamba kampuni moja ya ulinzi inataka kutathmini mafunzo yake ya kusimama lango kwa saa kumi na mbili, Severina alijibu kabla sentensi haijaisha: "Njia ninayo tayari."

Akaenda siku yake ya mapumziko na beseni kwapani. Walinzi kumi na mmoja, Wakenya watupu. Kiongozi wao alikuwa Alfred, mrefu, viatu vinang'aa, hasemi neno pasipo lazima. Severina akaeleza habari ya beji. Hakuna aliyeweka. Mlinzi kuvua beji akiwa kazini, Alfred alisema, ni kosa la kupewa barua. Akajaribu kuwaweka wawili wawili. Wakatazamana kama majogoo, maana kila mmoja alifikiri mwenzake ndiye anayepeleka maneno kwa bosi. Akauliza, "Mwenzio huyu anasimamaje?"

"Anasimama wima," akajibu mmoja.

"Na wewe?"

"Wima."

Severina alirudi chumbani jioni, akatupa beseni chini ya kitanda, akalala na viatu. Nilimuuliza kulikoni. "Edna," akasema akitazama dari, "nimefanya kama Dokta. Nimekwenda na mlango wangu wa kufunga."

Ijumaa iliyofuata alirudi bila beseni. Akakaa pale langoni siku nzima, hakuuliza kitu. Alitazama tu. Na alichokiona ni kwamba walinzi wale, wasiosema, walikuwa wanaandika. Kila kitu waliandika kwenye kitabu cha matukio: gari lililoingia, paka aliyepita, taa iliyozimika. Waliandika kwa raha, kwa maneno makubwa, kama mahakimu. Jumamosi akaenda sokoni Naif akanunua madaftari kumi na moja madogo, magumu, yanayofanana na kitabu kile, akayagawa. Jina lisiandikwe, akawaambia, na yakishajaa kila mtu alitumbukize mwenyewe kwenye sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo ni wa Dokta. Ila mwandiko wa Alfred haukuwa siri kwa yeyote, na yeye mwenyewe alituruhusu baadaye tuusome kwa sauti:

"Saa kumi na mbili na dakika tano jioni: mlinzi wa lango la pili ameumwa na mgongo. Saa kumi na mbili na dakika sita: amekumbuka mafunzo, amepanua miguu. Saa kumi na mbili na dakika saba: mgongo umeendelea. Saa moja kamili: mgongo umehamia magotini. Hali ya lango ni shwari."

Dokta alisoma madaftari yote kumi na moja. Ukiondoa paka, yalisema kitu kimoja: mafunzo ya kusimama ni mazuri, tunaomba viti. Vililetwa vitatu. Alfred aliandaa ratiba ya kuvikalia, mstari kwa mstari, na akamtumia Severina nakala aikague kama kuna makosa ya Kiswahili. Alikuta saba.